Mvua Iliyokwenda Tanzania

Mbuzi wa Efrazia waliitwa Alfa, Bravo na Charli, na watu wa kilima chake huko Butihinda, Burundi, walidhani hayo ni majina ya watakatifu wanaojulikana Tanzania tu. Hakuwakatalia. Mwanamke aliyerudi kutoka ukimbizini na mume mmoja, mtoto mmoja na mabati kumi na mawili ana mengi ya kueleza, na yote hayaelezeki kwa siku moja.

Majina yale yalitoka kambini. Efrazia alivuka mpaka na wazazi wake mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na sita, na huko akapata kazi ya kufagia chumba cha redio cha shirika moja la misaada. Alifagia mwaka mzima huku masikio yakiwa wazi. Siku moja mwenye redio alilazwa na malaria, na malori matano ya mahindi yalikuwa yamepotea njia kwenye matope. Efrazia akaweka ufagio chini, akashika kipaza sauti, akayarudisha barabarani moja baada ya jingine kwa sauti tulivu hata madereva wakadhani shirika limeleta mkubwa mpya. Hakufagia tena. Akajifunza kutaja herufi kama wanavyozitaja watu wa redio, Alfa, Bravo, Charli, na akajifunza Kiingereza cha hewani, ambacho si kingi, lakini kinatosha kumwambia mtu kwamba unamsikia.

Amani ilipotulia, mwaka 2008, akarudi. Miaka kumi na mitano Tanzania walikuwa wamemwita mkimbizi, na ndani ya lori la kumrudisha alikuwa akijiambia kwamba sasa ataitwa jina lake. Alipofika kwao wakamwita Mtanzania.

Aliyeanza ni Bonifasi, jirani wa upande wa kusini, mtu wa migomba na mikaratusi, mwenye maoni juu ya kila kitu na kikohozi cha kuyatangulia. Efrazia akimsalimia kwa Kirundi, Bonifasi alimjibu kwa Kiswahili, makusudi, kama unavyomrahisishia mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Efrazia alikuwa na jembe mwaka mzima, limeshakwisha makali, na ugeni bado uko palepale. Hakuna lililomuuma kuliko hilo, na mtu asikudanganye kwamba ni jambo dogo.

Redio ilimrudia kwa bahati, Gitega. Alikwenda kumpeleka binti yake, Upendo, kwa shangazi yake anayekaa mtaa wa Musinzira, na njiani akapita mbele ya kibanda cha fundi. Ndani, mwanamume mmoja mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono alikuwa ameshika redio ndogo na kuipigia kelele: "N kama ndizi! O kama... O kama... onyo!"

"Novemba," Efrazia akasema kutoka mlangoni. "Oska."

Mwanamume akageuka. Alikuwa ni Matata, fundi redio, mtoto wa mjini hasa, ambaye baba yake aliwashonea kanzu Waislamu wote wa Gitega. "We mama," akasema, "hii voix, hii sauti, umetoa wapi?"

Wakakalishana. Matata akamweleza kwamba juu kule kuna setilaiti ndogo, si kubwa kuliko sanduku la sabuni, iliyorushwa kwa ajili ya watu wanaoongea kwa redio kwa kupenda tu. Inapita juu ya Burundi mara chache kwa siku, kila mara kama robo saa, halafu inazama. Ukiielekezea antena na kusema, inaichukua sauti yako na kuimwaga chini, Nairobi wakusikie, Afrika Kusini wakusikie. Watu hao wameigawa dunia yote vipande vyenye pembe nne, na kila mmoja anakusanya vipande alivyowahi kuongea navyo, kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda.

"Gitega iko na mimi, wameshanipata, wamenichoka," Matata akasema. "Lakini Muyinga iko ndani ya carré ingine, kipande ingine. Kule hakuna mtu amewahi kusikilikana. Hata mmoja. Watu ya Afrika Kusini wako wanaililia ile carré kama mtoto anaililia ziwa ya mama. We unakaa wapi?"

"Butihinda. Muyinga."

Matata akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

Jaribio la kwanza la Efrazia, pale pale Musinzira, lilikuwa aibu tupu. Setilaiti ikapanda, sauti ya kijana wa Nairobi ikaingia safi, na Efrazia, ambaye amelelewa vizuri, akaanza kama inavyopasa. Habari za asubuhi. Habari za nyumbani. Watoto hawajambo? Wazazi je? Yule kijana naye hakuwa mtovu wa adabu, akajibu kila swali na kurudisha lake. Walikuwa wamefikia magoti ya mama yake kijana, yanayomsumbua wakati wa baridi, setilaiti ilipozama. Watu wanne wa nchi tatu waliokuwa wakingoja zamu walibaki wanasaga meno.

"Bon, mama Upendo, sikia," Matata akasema, akijitahidi kutokasirika. "Hii si téléphone. Ile kitu iko inakimbia. We sema jina ya redio yako, sema carré, yeye aseme yake, basi, kwaheri. Magoti ya mama yake muache Mungu ayaangalie."

Alifundishwa wiki moja. Kibali cha redio kilipotoka Bujumbura, baada ya miezi sita ya karatasi, Matata akampa redio ya mkononi iliyochakaa na antena aliyoitengeneza mwenyewe: mti wa mkaratusi uliochongwa, nyaya za aluminiamu, na spoki za baiskeli zimepangwa kulia na kushoto. Ilifanana na mfupa wa samaki mkubwa. Saa za setilaiti kupita angezipata kwa ujumbe wa simu, maana Matata alizisoma kwenye mtandao mjini.

"Na kama simu unayo," wakauliza majirani Butihinda, "kwa nini usipige simu?"

"Simu unampigia unayemjua," Efrazia akajibu. "Hii unamwita yeyote aliyepo."

Wakatazamana. Mtu mwenye akili anamwita yeyote aliyepo kwa ajili gani?

Kazi ya kushika antena ilimwangukia mumewe, Prosper, mtu mpole mwenye mikono mirefu, aliyezaliwa kwa ajili hiyo ila hakujua. Setilaiti haionekani, inabidi uifuate kwa kukisia, polepole, kutoka ukingo mmoja wa mbingu hadi mwingine. Kila ilipopita, uani kwao ungesikia, "Baba Upendo, juu kidogo. Kushoto. Hiyo ni migomba, baba Upendo, mbingu iko juu yake." Naye Prosper, "Mama Upendo, mkono ni wangu, najua ulipo." Betri ilipokwisha, Prosper ndiye aliyepanda baiskeli hadi Gasorwe kuichaji sokoni. Wiki mbili zikapita. Redio ikawa inakaanga tu kama mafuta ya sambusa, na katikati ya kukaanga ikatoka silabi moja moja. Mikaratusi ya Bonifasi ilikuwa imeziba upande wote wa kusini.

Na wiki hizo mbili mvua ilikuwa imechelewa.

Ilikuwa Oktoba, mbegu za maharage ziko tayari kwenye vikapu, ardhi imelimwa, na kila siku mawingu yanajikusanya juu ya kilima, yanatafakari, halafu yanaondoka. Jambo baya zaidi ni kwamba mvua ilionekana. Ukisimama kilimani Butihinda unaiona Tanzania ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa inanyesha, mistari ya kijivu kabisa, mchana kweupe. Bonifasi alizitazama hizo mvua za watu, kisha akamtazama Prosper amenyoosha mfupa wa samaki kuelekea mawingu, na hesabu yake ikajibu.

Alimpelekea shauri shefu wa kilima, Kasiano. Kasiano alikuwa mtu wa haki na wa koti, hata jua likiwa kali, na hakupenda kesi zenye mambo ya angani. Lakini mlalamikaji ni mlalamikaji. Akaja jioni uani kwa Efrazia, Bonifasi nyuma yake, na nyuma ya Bonifasi nusu ya kilima.

"Mi nasema kile niliona kwa macho," Bonifasi akasema, baada ya kukohoa. "Mawingu inakuja vizuri. Huyu bwana ananyoosha ile mufupa. Mawingu inageuka, inarudia Tanzania. Huyu mama amekulia kule. Anawapelekea wenzake mvua."

Efrazia alitaka kucheka, lakini alipozitazama nyuso za watu kicheko kikamkauka. Antena ikivunjwa si kitu, spoki za baiskeli zimejaa. Lakini mfukuza mvua ni jina, na jina kama hilo likishakaa juu ya mtu halitoki kwa sabuni. Kilima kinaweza kumvumilia Mtanzania. Mtanzania aliyeiba mvua hakivumilii, na Upendo angekua nalo, na safari hii hakukuwa na pengine pa kurudi.

"Mama Upendo," Kasiano akauliza, "we unasema juu kule kuko watu?"

"Juu hakuna watu, shefu. Juu kuna sanduku. Watu wako chini, mbali."

"Bon. Kesho utatuonyesha hao watu. Wakipatikana, hakuna kesi. Wasipopatikana, ile kitu itavunjwa hapa mbele ya wote, na kila mtu atasema ile anataka kusema."

Kesho yake setilaiti ilikuwa ipite saa nne na dakika kumi na saba, kutoka kaskazini kwenda kusini. Saa tatu ua ulikwisha jaa. Wengine walikuja na vigoda. Efrazia alivaa kitenge chake cha kanisani, akamkagua Prosper, akamwambia akunje mikono ya shati. Yeye mwenyewe akashika redio.

Saa nne na kumi na nane redio ikaacha kukaanga. "Butihinda, Butihinda, hapa Gitega," ikasema sauti, safi kama mtu yuko nyuma ya mlango.

Halafu bibi mmoja akauliza, "Huyo si yule fundi wa Musinzira? Alinitengenezea redio yangu."

"Ndiye," wakasema wengine.

"Sauti yake imepanda mbinguni ikashuka, ili ifike hapa kutoka Gitega?"

"Ndiyo, bibi."

"Si apande basi?"

Wakacheka, na Efrazia akajua kicheko hicho hakimsaidii. Bonifasi alikunja mikono. "Gitega tunaijua," akasema. "Mbali iko wapi?" Matata, ambaye alijua kilichokuwa kinaendelea, akasema haraka kwamba anaondoka hewani ili wengine waingie, na akaondoka. Kukaanga kukarudi. Efrazia akaita, akaita tena, kwa ile sauti yake ya malori. Setilaiti ilikuwa imeshavuka utosini, inashuka kusini, na kusini ndiko ilikokuwa mikaratusi.

Zilibaki dakika saba. Akageuka.

"Jirani," akasema kwa Kirundi, "antena haioni kwa sababu ya miti yako. Naomba tuingie shambani kwako, pale mwisho wa tuta, palipo wazi."

Bonifasi akafikiri. "Ingia," akajibu, kwa Kiswahili chake. "Mi nataka ishindwe vizuri, isiseme ni miti yangu."

Kilima kizima kikahamia shambani kwa Bonifasi, kikiruka matuta kwa uangalifu. Prosper akatangulia mbio huku kichwa kiko juu, antena mbele, na mtu anayetazama mbinguni hatazami matuta. Akateleza. Mfupa wa samaki ulikuwa unaanguka moja kwa moja juu ya miche ya kabichi ya Bonifasi, ile aliyoinyweshea kwa ndoo wiki zote hizo, na Bonifasi, bila kufikiri kitu kingine ila kabichi, akaudaka hewani.

Redio mkononi mwa Efrazia ikatoa sauti ya mtu. Kisha ikaipoteza.

"Usiushushe," Efrazia akasema. "Jirani, tafadhali. Rudisha ulipokuwa."

Bonifasi akaganda. Akasogeza antena kidogo kulia, kukaanga. Akairudisha kushoto, akaiinua kidole kimoja, sauti ikaingia. Akaitoa makusudi, ikatoka. Akairudisha, ikarudi. Uso wake ukafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale kilimani, ukasahau kuwa na maoni.

"Iko hapa," akanong'ona. "Iko hapa. Inatembea. Nyamazeni nyote."

Efrazia akaita. Akasema jina la redio yake herufi kwa herufi, akasema kipande chake cha dunia, akaachia kitufe. Akajibiwa na mzee mmoja, kwa Kiingereza kizito cha kusini. Alisema yuko Pretoria, anamsikia, na kwamba miaka kumi na moja amekuwa akikingoja kipande hicho.

"Pretoria," Efrazia akawaambia watu. "Afrika Kusini."

Mguno ukapita. Kwa sheria za mchezo, kazi ilikuwa imekwisha: jina limesemwa, kipande kimesemwa, kwaheri. Lakini Kasiano akasogea mbele na koti lake.

"Muulize kama kwao mvua imenyesha."

"Shefu, hatuulizi mambo hayo hapa. Wengine wanangoja."

"Mama Upendo, kesi iko juu ya mvua. Muulize."

Akauliza. Matata, aliyekuwa anasikiliza kutoka Gitega, alikiri baadaye kwamba alijifunika uso kwa kofia. Lakini mzee wa Pretoria hakukasirika hata kidogo. Inaonekana alikuwa na bustani. Akasema haijanyesha tangu Aprili, nyasi zimegeuka karatasi, na kila siku mke wake anatoka nje kuyatazama mawingu na kuyatukana. Efrazia akatafsiri, mpaka na matusi ya mke.

"Kumbe na wao," akasema yule bibi, kwa huruma ya kweli.

"Basi hao anaongea nao, mvua haiendi kwao," Kasiano akasema, akimtazama Bonifasi. Bonifasi hakusikia. Alikuwa amekaza macho kwenye ncha ya antena, jasho linamtoka, anaishusha setilaiti taratibu kuelekea ukingo wa kilima, kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa.

Sauti ilianza kufifia. Mzee wa Pretoria akawa na swali la mwisho. Mwanzo wa jina la redio la Efrazia, ule unaotaja nchi, ulikuwa umemezwa na kelele, akasema, na kipande hicho kimelala juu ya mipaka, kina Burundi kidogo, kina Rwanda, lakini kikubwa chake kiko upande mwingine. Anataka kuandika daftarini, na hataki kukosea.

"Mama, uko Tanzania?" akauliza. "Wewe ni wa Tanzania, si ndiyo?"

Efrazia akabonyeza kitufe. Jibu lilikuwa neno moja, alilijua kabla hajazaliwa. Lakini sauti ile iliyotoa malori matopeni, ambayo haikuwahi kumwangusha hata siku moja, haikutoka. Amesimama kwenye udongo wa kwao, mbele ya watu wa kwao, na hata mtu wa Pretoria anamuuliza swali hilohilo. Kitufe kilikuwa chini, hewa iko wazi, sekunde zinakwenda.

Bonifasi hakujua Kiingereza. Katika maneno yote ya mzee yule alielewa moja, mara mbili, Tanzania, na akauona uso wa Efrazia. Akainamisha kichwa chake juu ya redio, mikono yote miwili ingali juu.

"Oya," akapiga kelele, na nusu ya Afrika ikamsikia. "Tanzania hapana. Huyu mama iko wa kwetu. Butihinda, Burundi. Andika vizuri."

Efrazia akaachia kitufe. Redio ikakaanga, kidogo, na kutoka mbali sana, kabla ya kuzama, sauti ikarudia, "Burundi. Nimeandika."

Hata waliomwita Mtanzania asubuhi ile walikuwa wamesikia. Kasiano akakohoa, akauliza kama mlalamikaji bado ana kesi.

"Kesi gani?" Bonifasi akasema kwa ukali. "Mtu ya mbali anamkosea jirani yangu, mi nimemrekebisha. Kwani ni vibaya?"

Efrazia alikaa kwenye tuta la kabichi na kitenge chake cha kanisani, akalia mbele ya watu wote bila kujificha, akacheka humohumo, mpaka Prosper akaja na matope magotini akakaa karibu yake. Bonifasi alikuwa amesimama pale pale, antena imeelekea kusini ambako hakukuwa na kitu tena, akauliza bila kugeuka, kwa Kirundi, kama ile kitu inapita tena jioni.